Viazi Vichanga vya Majira ya Baridi: Mwongozo Kamili wa Kuvipanda Nyumbani

Viazi vichanga unavyochimba katikati ya majira ya baridi havikui wakati wa baridi. Vimeshakua kabla. Asiyelijua hili hupanda kwa kuchelewa, majani yakaja mazuri, jalidi, ile barafu nyembamba ya usiku inayounguza majani laini, ikayapiga, na akichimba anakuta viazi vya ukubwa wa karanga. Kazi yote hufanyika jua likiwa bado na nguvu, kuanzia mwisho wa kiangazi hadi miti inapoanza kupukutisha majani. Baridi ikishaingia, viazi viko tayari chini ya udongo, na kinachobaki ni kuvilinda mpaka siku utakayovitaka jikoni.

Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye tarehe, mbegu na afya ya majani. Ukiyapata hayo matatu, mengine hayasumbui.

Kwa nini kiazi kinakubali msimu huu

Asili ya viazi mviringo ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, pande za Ziwa Titicaca, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Vilipofika Ulaya katika karne ya 16, mimea ilijaa majani kiangazi kizima bila kuzaa kitu cha maana, kwa sababu ilikuwa ikisubiri mchana ufupike. Ilianza kuweka viazi pale majani ya miti yalipokuwa yanaanguka. Aina tunazopanda leo zimechaguliwa kwa vizazi vingi hadi zikazoea mchana mrefu, lakini tabia ya zamani haijatoka yote. Mchana ukipungua na usiku ukipoa, mmea huanza kuzaa viazi haraka kuliko ungefanya kiangazi.

Hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba hungoji muda mrefu. Hasara ni kwamba mmea unaweza kuanza kuzaa ukiwa bado mdogo, na mmea mdogo una majani machache ya kulisha viazi vyake. Mwanga nao unapungua kila wiki: kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, mwisho wa Agosti mchana una zaidi ya saa 13, ila ikifika katikati ya Desemba umebaki na takriban saa 8, tena jua likiwa chini. Chakula kinachojaza kiazi hutengenezwa na majani kwa mwanga wa jua. Kila unachofanya katika wiki sita za kwanza, basi, kifanye ukiwa na nia moja: majani mengi, mapana, mapema.

Hesabu tarehe kwa kurudi nyuma

Jua kwanza jalidi ya kwanza huanguka lini mahali unapoishi. Majirani wanaolima wanaijua tarehe hiyo vizuri, na idara ya hali ya hewa huwa na kumbukumbu zake. Kutoka tarehe hiyo, rudi nyuma wiki 12. Hapo ndipo pa kupanda.

Katika nchi nyingi za kaskazini mwa ikweta zenye baridi ya wastani, hesabu hiyo inakuangusha kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti. Mwisho wa Agosti bado inawezekana kama una kitalu nyumba au baraza yenye vioo, mahali ambapo jalidi haifiki. Septemba mimi singepanda, hata kama mbegu bado zinauzwa. Kusini mwa ikweta geuza kalenda: mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari, na uchimbe kuanzia Mei hadi Julai.

Ukiwa njia panda kati ya kupanda wiki hii au ijayo, panda wiki hii. Wiki moja ya Agosti ina mwanga ambao wiki tatu za Novemba haziwezi kuurudisha.

Mbegu: hapa ndipo wengi wanapokwama

Wazo linalomjia kila mtu ni kuchukua viazi alivyochimba mwezi uliopita na kuvirudisha ardhini. Havitaota kwa wakati. Kiazi kilichotoka tu kuchimbwa kimelala, na usingizi huo huchukua miezi miwili, mitatu au zaidi kutegemea aina. Ukikizika kwenye udongo wa joto kikiwa bado kimelala, kitakaa hapo tu, na mara nyingi kitaoza kabla hakijatoa chipukizi hata moja.

Unachohitaji ni mbegu za viazi zilizovunwa msimu uliopita, zikahifadhiwa kwenye baridi miezi yote hiyo ili zisichipue, kisha zikatolewa kwa ajili ya upandaji wa pili wa mwaka. Wauza mbegu huzitoa katikati ya kiangazi na huwa hazikai sana, kwa hiyo agiza mapema. Muulize muuzaji waziwazi kama mbegu zilihifadhiwa kwenye baridi kwa ajili ya msimu huu. Jibu likiwa la kubabaisha, tafuta kwingine. Viazi vya kula vya dukani navyo viache: mara nyingi vimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua, na hakuna aliyevikagua kama vina magonjwa ya virusi.

Kuhusu aina, chagua zinazokomaa mapema au mapema kiasi. Charlotte ndiyo ninayoipenda zaidi kwa kazi hii. Viazi vyake ni virefu kidogo, vina nyama ngumu isiyovurugika vikichemshwa, na inafanya vizuri ndani ya chombo. Maris Peer na Carlingford nazo hutumika sana kwa msimu huu. Aina za kuchelewa, zile zinazotaka miezi minne au mitano, hazina nafasi hapa kabisa.

Mbegu zikifika, fungua kifurushi siku hiyohiyo. Zimetoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto, zitachipua upesi, na machipukizi yanayoota gizani ndani ya mfuko huwa marefu, meupe na yanavunjika ukiyagusa. Zitandaze kwenye trei mahali penye hewa na mwanga usio mkali, halafu zipande ndani ya siku chache. Wanaopanda mwanzoni mwa mwaka huzichipuza mbegu kwa wiki nyingi dirishani kwa sababu udongo wao bado ni baridi. Wewe udongo wako una joto tayari, hatua hiyo iruke.

Jambo lingine ni kutokata mbegu. Kiazi cha ukubwa wa yai kizikwe kizima. Kidonda kilichokatwa, kikikutana na udongo wa joto wenye unyevu, ni mlango wa uozo.

Chombo na udongo

Unaweza kupanda moja kwa moja ardhini, mashimo ya kina cha sentimeta 10 hadi 12, nafasi ya sentimeta 30 kati ya shimo na shimo, na sentimeta 60 kati ya mistari. Lakini kwa mavuno ya baridi napendelea chombo, na sababu ni moja kubwa: chombo kinahamishika. Usiku wa jalidi ukitangazwa unakibeba ndani, mvua ikizidi unakisogeza chini ya paa. Mstari wa shambani hauna pa kukimbilia.

Ndoo kubwa, pipa lililokatwa, kiroba kigumu, mfuko maalumu wa kupandia, vyote vinafaa mradi viwe na kina cha sentimeta 30 au zaidi na matundu ya kutosha chini. Kadiria lita 10 za udongo kwa kila mbegu, na zikipungua kidogo hakiharibiki kitu. Mfuko wa lita 40 uchukue mbegu tatu, si tano. Mbegu zikibanana hugombania mwanga, na mwanga ndio hasa ulio haba. Kama ni ndoo, toboa matundu sita au manane ya upana wa kidole, kisha iinue juu ya vipande vya matofali ili maji yatoke.

Udongo uwe mwepesi. Changanya mboji iliyoiva au mchanganyiko wa kupandia na samadi iliyooza kabisa, sehemu tatu kwa moja. Samadi mbichi usiiguse. Jivu na chokaa viweke mbali pia: kiazi hupenda udongo wenye asidi kidogo, pH ya 5 hadi 6, na udongo ukielekea kwenye chokaa ugonjwa wa magamba hushamiri, ngozi ikajaa mabaka makavu yenye kukwaruza. Ongeza kiganja kimoja cha mbolea ya punje yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, uivuruge vizuri isikae mahali pamoja.

Udongo ulioota nyanya mwaka huo usiutumie. Nyanya na kiazi ni ukoo mmoja na wanaambukizana.

Siku ya kupanda

Jaza udongo hadi sentimeta 10 au 15 kutoka chini ya chombo. Panga mbegu zikiwa na nafasi sawa kati yao na kutoka ukingoni, upande wenye macho mengi ukitazama juu. Funika kwa udongo wa sentimeta 10, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha acha nafasi iliyobaki juu ikiwa tupu. Utaihitaji.

Kama ni wakati wa joto kali, siku za kwanza weka chombo mahali penye kivuli cha mchana. Udongo ukipita nyuzi 25 za Selsiasi mbegu huanza kutaabika, na chombo cheusi kikiachwa juani hufika huko kwa urahisi. Machipukizi yakitokeza, baada ya wiki mbili au tatu, kihamishie mahali penye jua kuliko pote ulipo napo, na kisitoke tena.

Chipukizi la kiazi halitokezi kwa madaha. Udongo hupasuka kidogo kwanza, kisha unaona majani yaliyokunjamana, ya kijani iliyokolea, wakati mwingine yenye rangi ya zambarau kwenye mishipa. Siku nne baadaye tayari ni kichaka kidogo.

Kupandishia udongo

Mashina yakifika sentimeta 15 hadi 20, ongeza udongo kuyazunguka na kuacha ncha zenye majani nje, kama sentimeta 5 au 8. Rudia yakikua tena, mpaka udongo ufike sentimeta 5 chini ya ukingo wa chombo. Mara mbili au tatu zinatosha.

Viazi huota kwenye vijiti vyeupe vinavyotoka sehemu ya shina iliyozikwa, juu ya mbegu uliyopanda. Ncha ya kijiti hujikunja, ikaanza kuvimba, ikawa kiazi. Udongo unaoongeza unavipa nafasi na giza. Kiazi kinachoona mwanga hubadilika kijani na kutengeneza solanini, sumu yenye uchungu isiyoondoka kwa kupika. Ukiona bega la kiazi limechungulia juu ya udongo, lizike siku hiyo.

Kuna anayeshauri kuendelea kurundika udongo mpaka mita moja kwa imani kwamba viazi vitaongezeka ghorofa kwa ghorofa. Aina za mapema hazifanyi hivyo. Zinazaa karibu na mbegu, kwa mkupuo mmoja, na udongo wa ziada unayafukia bure majani ambayo yangekuwa yanakamata mwanga.

Maji na chakula

Wiki za mwanzo kuna joto, majani yanapanuka, na chombo hukauka haraka. Zamisha kidole hadi kiungo cha pili: ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Siku za joto hiyo inaweza kuwa kila siku. Kiu ikifuatwa na mafuriko huleta viazi vyenye vinundu na nyufa, kwa hiyo kumwagilia kidogo kwa utaratibu ni bora kuliko kusahau wiki nzima kisha kumwaga ndoo.

Usiku ukianza kuwa baridi mambo yanageuka. Mmea unakunywa kidogo, udongo haukauki, na kinachoua sasa ni maji ya kupita kiasi. Inua chombo kidogo kwa upande mmoja. Kikiwa kizito, kiache. Na siku zote mwagilia udongo, si majani, tena asubuhi ili palipolowa pakauke kabla ya usiku.

Mimea ikifika sentimeta 20, anza kuipa mbolea ya maji yenye potasiamu nyingi, ile inayotumika kwa nyanya, kila baada ya wiki mbili. Acha kuiweka pale majani yanapoanza kugeuka njano. Naitrojeni usiizidishe: utapata kichaka cha kupendeza na viazi vya kuhesabika.

Bakajani chelewa

Hapa naomba uwe makini kuliko pengine pote. Bakajani chelewa ni ugonjwa wa kimelea kiitwacho *Phytophthora infestans*, kilekile kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Kinapenda joto la wastani pamoja na unyevunyevu, yaani hasa hali ya hewa ya mwisho wa kiangazi, wakati mimea yako ndiyo kwanza inatanua majani. Anayepanda mwanzoni mwa mwaka anaweza kuwa ameshachimba kabla ugonjwa haujaenea. Wewe unaanza ukiwa umeshaenea.

Wataalamu nchini Uingereza hutumia kanuni ya Hutton kutoa tahadhari: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila moja ikawa na angalau saa sita za unyevu hewani wa asilimia 90 au zaidi. Huhitaji vifaa. Siku mbili za vuguvugu, mawingu na manyunyu zikifuatana, kagua majani kila asubuhi.

Tazama kwanza kwenye kingo na ncha za majani. Doa la kahawia iliyofifia, linaloonekana kama limeloa maji, lenye pete ya kijani mpauko kulizunguka. Geuza jani. Asubuhi yenye umande utaona chini yake, pembezoni mwa doa, utando mweupe mwembamba. Ukiuona huo, usijiulize mara mbili. Madoa kwenye shina ni ya kahawia iliyokolea, na shina hukatika hapohapo.

Kinga yake ni paa. Vimelea huhitaji jani lililolowa ili viingie, kwa hiyo chombo kilichowekwa chini ya paa la plastiki angavu, lenye upepo wa kutosha pembeni, huepuka shida nyingi. Lakini usikifungie ndani ya kitalu kisicho na hewa, tena pamoja na nyanya. Ugonjwa ukishaingia kwenye majani machache, yaondoe na uendelee kukagua. Ukienea, kata mashina yote usawa wa udongo, yachome au yatupe mbali na mboji, kisha usichimbe kwa wiki mbili hadi tatu. Muda huo ngozi ya viazi inakaza na vimelea vilivyoanguka juu ya udongo vinakufa badala ya kugusana na viazi unapochimba. Mavuno hayajapotea. Yamesimama tu pale yalipofika.

Wadudu hawana maneno mengi. Vidukari wapanguse kwa vidole au warushie maji. Konokono wasio na gamba hupenda vuli yenye mvua na hutoboa viazi: inua chombo juu ya matofali, uwaokote usiku kwa tochi.

Jalidi

Majani ya kiazi hufa joto likishuka hadi nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Jalidi ya kwanza huwa ya usiku mmoja, ikifuatwa na wiki mbili za hali nzuri, na wiki hizo mbili ni uzito wa viazi. Inafaa kuzipigania. Jioni yenye anga safi, bila upepo, na baridi inayoshuka haraka baada ya jua kutua ndiyo ya kuogopa. Ingiza chombo ndani, au funika mimea kwa kitambaa chepesi cha bustani, shuka kuukuu au tabaka la magazeti, bila kugandamiza majani. Asubuhi ondoa, mwanga ni wa thamani.

Majani yakishakauka

Wiki 10 hadi 13 baada ya kupanda, majani huwa njano kisha kahawia. Kata mashina sentimeta chache juu ya udongo na uache kumwagilia. Kuanzia hapa chombo ni ghala. Viazi vinabaki vibichi ndani ya udongo mkavu kiasi kwa wiki kadhaa, mradi visilowe na visigande.

Udongo wa ardhini huganda polepole, ila wa chombo hupigwa na baridi pande zote. Kipeleke kwenye banda, gereji au baraza isiyofika sifuri. Kama hakihamishiki, kifunge magunia kuzunguka, weka nyasi kavu nene juu, na plastiki juu ya nyasi ili mvua isipenye. Kwa waliopanda ardhini, tabaka la nyasi la sentimeta 20 linatosha baridi ya wastani. Baridi ya kugandisha ardhi hailindiki hivyo. Huko chimba mapema.

Kuchimba

Kabla ya kumwaga chombo, penyeza mkono ubavuni, taratibu, vidole vikitambaa na ukuta. Kiazi kinajitambulisha: baridi, laini, mviringo, tofauti na bonge la udongo linalovunjika ukilibana. Ukipata vya ukubwa wa yai, unaweza kutoa vichache na kuacha vingine. Ukitaka ngozi nyembamba kabisa, ile inayotoka kwa kusuguliwa na kidole gumba, chimba majani yakiwa bado yana kijani. Vilivyokaa udongoni hadi katikati ya baridi ngozi yao imekaza kidogo, lakini ladha na ulaini vipo.

Usipime mavuno haya kwa kipimo cha kiangazi. Mfuko wa lita 40 ukikupa kilo moja hadi mbili, umefanya vizuri. Chimba kiasi cha kupika siku hiyo, kwa kuwa kiazi kichanga hupoteza utamu wake kikikaa nje. Chemsha kwa maganda yake, au upike kwa mvuke. Kukaanga si chaguo zuri hapa: kiazi kilichokaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 6 hivi hugeuza wanga wake kuwa sukari, na kwenye mafuta ya moto huwa cheusi haraka.

Vyenye kijani kingi vitupe, na vilivyooza vitoe mbali na vingine. Vidogo vilivyobaki usiviweke kama mbegu ya mwakani, maana vinaweza kubeba virusi visivyoonekana kwa macho. Udongo wa chombo chukua uumwage kwenye kitanda cha maharage, vitunguu au mboga za majani, ukichambua kila kipande cha kiazi kilichosahaulika, kwa sababu kikibaki kitaota chenyewe na kuuhifadhi ugonjwa hadi msimu ujao.